Kuaga Baraza kwa Baraza

Hasira zangu ziko karibu, na sijawahi kuzificha. Dada yangu aliyeolewa Matuu husema nilizaliwa nikigomba. Kwa hiyo mama aliponiambia kwamba kabla ya kuhamia kwa huyo dada ataaga mji kwa miguu, na kwamba mimi ndiye nitakayemshika mkono, nilijua siku hiyo haitaisha kabla sijamkaripia mtu. Sikujua atakuwa nani.

Katika mji wetu wa kale, hiyo Machakos ya maduka ya mawe na mabati yenye kutu, sisi familia za Kiislamu tuna desturi yetu. Mtu akihama haondoki hivi hivi. Anaanzia msikitini, anateremka barabara ya maduka, na kwenye kila baraza anaketi kidogo. Anawamiminia wenyeji kahawa, wanaonja, kisha anasema, "Kama kuna neno kati yetu, nisamehe." Wao wanajibu, "Hakuna neno." Basi, anainuka, anaendelea hadi baraza la nyumba yake mwenyewe, na hapo ndipo anapomalizia. Ukipanda gari umeharibu. Ukikosa radhi ya mtu mmoja, hakuna safari. Nilipokuwa mdogo, jirani yetu mmoja alifungua mizigo yake yote akangoja, kwa sababu muuza nyama alikuwa ameenda msibani Kithyoko.

Tulitoka kwa mlango wa nyuma. Mama hutumia huo siku hizi, anapita uchochoroni kwenye maji machafu ya watu. Mimi nilidhani ni magoti, maana mlango wa mbele una vidato. Alivaa buibui lake zuri, akanipa chupa ya kahawa na vikombe kwenye kapu. Mizigo yake tulikuwa tumeifunga tangu jana. Shemeji angekuja na pikapu kesho yake asubuhi.

Sasa nieleze hayo mabaraza, maana ndiyo yaliyonipandisha mori. Wahindi waliojenga yale maduka waliweka mbele sakafu ya mawe iliyoinuka, na paa likateremka mpaka kwenye nguzo za mbao. Mabaraza yakashikana, duka hadi duka. Mvua ingenyesha ipendavyo, ungetoka msikitini ukafika kwetu na viatu vikavu. Siku ya soko, wanawake walioteremka kutoka vilima vya Iveti na vikapu vyao walipumzika hapo, na hakuna aliyewauliza wanamngoja nani. Nilikulia kwenye kile kivuli. Nilijifunza kusoma nikiwa nimelala kifudifudi juu ya yale mawe, kwa sababu yalikuwa baridi.

Baraza la kwanza baada ya msikiti tulilikuta limefungwa kwa vyuma kuanzia sakafuni hadi darini. Ndani mlikuwa na mapipa ya rangi na mabomba. Soja wa kulinda duka, aliyekuwa amekalia kreti, alinyanyua rungu lake kidogo.

"Susu, hapa hakuna kukaa," akamwambia mama, akimwita bibi kwa Kikamba.

"Anaaga," nikamwambia. "Amezaliwa mtaa huu. Mwite tajiri wako."

"Tajiri hayuko. Na hata akiwa, hapa ni ya biashara."

Nilimwambia mengi. Mama alinivuta mkono, akashika chuma kwa vidole viwili na kusema maneno yake kupitia hapo, kwa soja yule asiyemjua. Soja akatazama chini. "Hakuna neno, susu," akasema, na nikamchukia pungufu kidogo ya nilivyokuwa nimekusudia.

La pili limekuwa hoteli. Wameweka vigae vinavyoteleza na viti vya plastiki, na msichana aliyekuja na kitambaa alituambia ukikaa lazima uagize. Mama akaagiza chai asiyoitaka, huku kahawa yake mwenyewe iko kapuni. Alipomwomba msichana radhi, yule aliangalia nyuma yake, akidhani anasemeshwa mtu mwingine. Nilikunywa ile chai yote kwa ubishi tu, nikaunguza ulimi.

Kisha jua. Kutoka hapo hakukuwa tena na pa kupita ila barabarani, kati ya bodaboda na mtaro. Mama alifanyiwa upasuaji wa macho juzi juzi, na jua linamtoa machozi. Alitembea ameshika ukingo wa buibui juu ya paji la uso, na mimi nilikuwa nikihesabu maadui. Huyu ameziba kwa mabati. Huyu kwa matofali. Huyu ameweka kontena zima. Na juu ya ukuta mmoja mpya kabisa, uliomeza baraza nililojifunzia kusoma, kuna kibao kizuri chenye maandishi meupe: jengo la kihistoria, tafadhali litunze. Nilisimama mbele ya kile kibao nikasema neno ambalo mama hajawahi kulisikia kinywani mwangu.

Chini ya kibao kulikuwa na kikundi cha wageni wa kutoka Nairobi waliokuja kutalii mji wa kale kwa miguu. Aliyewaongoza, kijana wa watu mwenye fulana safi, alikuwa akiwaeleza kwamba mabaraza haya yalijengwa ili maofisa wa Kizungu wanywe chai jioni.

"Mwongo!" nikapaza sauti ng'ambo ya mtaro. "Mzungu gani aliketi hapa? Hapa waliketi wauza ndizi!"

Wakacheka, wakafikiri ni sehemu ya ziara. Mmoja akampiga mama picha.

"Mwanangu," mama akasema tulipowapita, "wewe hata peponi utagombana na malaika kwa sababu ya viti."

"Watakuwa wameviziba na vyuma."

Hakucheka. Nilianza kuona kwamba kadiri tulivyokaribia nyumbani ndivyo alivyozidi kukaza mkono wangu.

Baraza moja tu lilikuwa bado wazi, la fundi cherehani aliyemshonea mama gauni la harusi yake. Ni mzee wa umri wake. Alifagia mabaki ya vitambaa kwa mguu, akamkalisha kwenye kiti chake yeye, akanywa kahawa vikombe viwili. Mama alipofikia yale maneno, fundi alipiga ulimi. "Hakuna neno, dada. Neno litoke wapi?" Kilikuwa kivuli kilekile, na mawe yaleyale baridi. Hasira zikanishuka mpaka nikaomba sindano nishone kifungo changu kilichokatika.

Ila mama hakutulia. Aliuliza, bila kumtazama fundi, "Yule mama wa viondo bado yuko?"

"Yuko mbele ya kwenu. Atakuwa wapi?"

Nilimkumbuka vizuri. Ni Mkristo wa kutoka vilimani ambaye, tangu nikiwa shule ya msingi, alisuka viondo kwenye baraza letu. Alikunywa maji ya mtungi wetu. Idd alikula nasi, Krismasi alituletea maembe. Jioni vikapu vyake vililala ndani ya ukumbi wetu mwembamba, nasi tulivipanda kama ngazi. Kisha mimi nikaolewa Mavoko, na nikija huwa ni usiku, nikiondoka ni alfajiri, kwa mlango wa nyuma, kwa sababu mama anasema huko ni karibu na gari.

Tukafika mbele ya nyumba yetu. Baraza letu sasa ni kioo. Ndani yake ni duka la simu, taa zinawaka mchana, na muziki unapigwa. Nilijua lilipangishwa, lakini sikuwahi kulitazama katika mwanga wa jua. Mlango wetu wa mbele umebaki kando, mwembamba, kama wa choo. Na ukingoni mwa mtaro, juu ya gunia, chini ya mwavuli uliotoboka, aliketi yule mama, uzi wa katani kwenye meno, mikono inasuka. Amezeeka. Macho yake yalikuwa mekundu kuliko ya mama.

Nililipuka. Nilimtukana kaka yangu asiyekuwepo, maana nilijua ni yeye tu mwenye tamaa ya aina hiyo. Nikasema nitampigia simu papo hapo, nimwambie amemtupa mzee wa watu juani kama takataka, nikatoa simu.

"Rudisha simu," mama akasema. "Si kaka yako. Ni mimi."

Sikuelewa.

"Mwenye duka alisema viondo vinaharibu sura ya duka. Nikakubali. Niliona haya kumwambia huyu, nikamwacha fundi wa kioo aanze asubuhi. Alipofika akavikuta vikapu vyake hapo mtaroni." Alinionyesha mahali. "Tangu siku hiyo nimepita nyuma."

Ndipo nilipoelewa kwamba sikuwa nimemsindikiza kuaga mji. Haya mengine yote yalikuwa njia ya kufikia gunia hili.

Mama aliinama, magoti yakalia, akaketi kwenye ukingo wa mtaro na buibui lake zuri. Yule mama wa viondo hakuacha kusuka.

"Mwaitu," mama akasema, kwa Kikamba cha kumheshimu mtu kama mzazi, ingawa ni rika lake. "Naenda kwa mtoto Matuu. Nimekuja kuaga."

"Niliskia."

Mama akamimina kahawa. Akamnyooshea kikombe. Yule mwingine alikipokea, akakiweka chini kando ya gunia bila kukigusa mdomoni.

"Kama kuna neno kati yetu, nisamehe."

Mtaa mzima unajua jibu. Hata soja asiyetujua alilijua. Nilikuwa tayari nimenyoosha mkono nimwinue mama.

Yule mama alitoa uzi kwenye meno.

"Neno iko," akasema.

Bodaboda ikapita ikatuvurumishia vumbi. Alingoja ipite.

"Kivuli ni chako, sikatai. Nyumba ni yako. Lakini mimi nilikuwa naweka vitu yangu kwako kama kwa dada. Ungeniambia tu. Ungesema, mwaitu, kesho usikuje. Ningetoa vikapu mwenyewe." Akashika uzi tena. "Sasa wewe unaenda kukaa kivulini kwa mtoto. Mimi nikupatie nini ingine?"

Mama alijifuta macho kwa ukingo wa buibui. Nilitaka kumgombeza yule mwanamke kwa sababu mama yangu alikuwa akilia, na nilitaka kumgombeza mama kwa sababu alistahili. Hii ya pili ndiyo iliyokuwa na nguvu.

Tulikaa pale mpaka jua likahamia ng'ambo. Kahawa ikapoa kikombeni. Hatimaye yule mama alianza kufunga vikapu vyake, na mama akamsaidia kushika kamba, na hilo hakulikataa.

"Kesho niko hapa," akasema. "Siendangi mahali."

Tuliingia ndani kwa ule mlango mwembamba wa mbele. Nilimpigia shemeji nikamwambia asije na pikapu, kisha nikakaa sakafuni nikaanza kufungua kamba za godoro, na nilizifungua kwa nguvu, nikijua ananisikia.

Asubuhi alichemsha kahawa upya. Akachukua mwavuli mkubwa wa marehemu baba, ule mweusi usiotoboka, akasimama mlangoni akiningoja nimshike mkono. Nilibaki nimeketi. Akatoka peke yake, kwa mbele.