Taa ya Njano Njia ya Machochwe

Mtu akienda pembeni kuongea na simu, tena ameziba mdomo kwa kiganja, mimi huanza kumhesabu upya. Hivyo ndivyo alivyofanya mkwe wangu asubuhi ile uani kwangu Nyanungu. Tulikuwa tumeshapakia na gari linaunguruma. Akatazama mbele yake penye stelingi, akashuka, akaenda mpaka kwenye migomba akanong'ona na simu. Aliporudi alizunguka nyuma ya gari, akalitazama buti, akafungua mdomo, akaufunga. Halafu akaingia tukaondoka.

Gari lenyewe ni langu. Kuendesha sijui, na shule niliiacha darasa la tatu, lakini ng'ombe waliogeuka gari walitoka kwenye zizi langu. Linakaa Machochwe kwa binti yangu, kwa kuwa mumewe ndiye mwenye leseni. Binti alikuwa na mimba ya miezi ya mwisho, na kutoka kwao mpaka hospitali si mwendo wa mguu. Gari hilo ndilo lingempeleka. Matairi yalikuwa yamekwisha, yanang'aa kama upara. Nikauza dume, nikamwambia binti kwenye simu: mkija kunichukua nikae nawe mpaka ujifungue, mwenzako apitie Tarime mjini, afunge mapya manne, na katika yale ya zamani lililo bora liwe spea.

Basi hayo mapya yalikuwa yamefungwa jana yake. Kwa macho yalikuwa meusi, yanavutia. Lakini mimi nimekaa minadani miaka mingi. Ng'ombe aliyekonda hulambishwa chumvi, akanyweshwa maji mpaka tumbo linajaa, na mnunuzi akimfikisha nyumbani anakuta amenunua mkojo. Na jirani yangu mmoja aliwahi kuuziwa matairi mapya, mvua ikanyesha, weusi ukachuruzika kama wino.

Tulipopita shule tu nikaiona taa, pale mbele ya mkwe penye stelingi. Ilikuwa ya njano, ndogo, kama chungu kilichokatwa juu na ndani yake kimesimama kijiti chenye nukta chini.

Niseme hapa jinsi tulivyokaa. Kwetu Wakurya mama mkwe na mkwe hawapeani mkono, hawatazamani machoni, hawali pamoja. Cha kulalia cha mmoja mwingine hakigusi wala hakitaji. Ndiyo maana nikienda kwao nabeba matandiko yangu, blanketi na shuka kwenye mzigo mmoja, nikalale kwa jirani yao mjane. Ndani ya gari nakaa nyuma yake kabisa, na kile kioo cha katikati amekigeuza kikatazama paa ili macho yetu yasikutane. Yeye ni mwalimu wa serikali, mtu wa Songea, lakini mila yetu anaishika kuliko vijana wetu wenyewe. Watu wanamsifu kwa hilo. Mimi nilikuwa najiuliza: mtu anayeshika sana cha wenzake, anatafuta nini?

Nikasogea katikati ya kiti niione taa vizuri.

"Muulize mwenzako ile taa ya njano ni ya nini."

Binti amekaa mbele, bega kwa bega na mumewe. Akamgeukia. "Mama anauliza ile taa."

"Mwambie mama ni ya upepo wa matairi."

"Ni ya upepo, mama."

"Nimesikia, mimi si kiziwi. Tairi jipya linakosaje upepo?"

"Mama anauliza..."

"Nimesikia," mkwe akasema. Nilimwona masikio yanamwiva. "Mwambie tutaangalia tukifika."

"Kwa nini tukifika? Kwa nini si sasa?"

Binti akarudia. Mkwe akabadilisha gia. Hapo nikaona nimeshamkamata. Mtu asiye na kitu hujibu.

Wakati huohuo lori la mchanga likapiga honi nyuma yetu, likatupita nusura tuangukie mtaroni. Mkwe alishtuka kama aliyeamshwa. Hakuwa ameliona kabisa. Binti akashika tumbo. Na mimi moyoni nikakata shauri. Taa ile isipopata jibu kabla ya kuvuka Mto Mara, nitatafuta dereva, nirudi na binti yangu ajifungulie Nyanungu mikononi mwangu, na mwalimu atajua bodaboda ya kumfikisha Machochwe. Sikumwambia mtu.

Tulipofika Matongo nikaona kibanda cha pancha, matairi yamepangwa barabarani.

"Mwambie mwenzako asimame hapo."

Fundi alikuwa anatafuna muwa. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Pima upepo wa haya matairi, moja moja. Useme kwa sauti."

Akazunguka na geji yake, anataja. Yote manne yalilingana. Mimi sikuridhika. Nilishuka, nikatemea mate ncha ya kitenge, nikasugua tairi la mbele kwa nguvu. Kitenge kikatoka na vumbi tu. Nikasugua la nyuma. Vumbi.

"Mama, haya ni mapya," fundi akasema. "Ona vinyweleo vyake vya mpira, havijaisha. Vuta."

Nikavuta kimoja. Kilikuwa kweli kimeota palepale, hakikubandikwa.

"Sasa taa inawakia nini?"

"Basi mjini wamekuibia sensa. Ndani ya kila ringi kuna kidude kinachosikia upepo na kuliambia gari. Kitu cha bei hicho. Nikikufungulia haya matairi yote tutajua." Akatema kapi la muwa. "Au nikubandikie plasta nyeusi juu ya hiyo taa. Hutaiona tena."

"Mbuzi wako akikohoa unamfunga mdomo?"

"Nilikuwa natania, mama."

"Utani wako una bei. Usifungue kitu."

Sasa nilikuwa na watu wawili wa kuwatilia shaka, na mmoja wao, mkwe, alikuwa ameshuka akasimama ng'ambo ya barabara, ametupa mgongo, anatazama vilima vya mawe ya mgodi kama vile amekuja kuvinunua. Mwizi wa sensa, nikasema moyoni, hawezi hata kusimama karibu na kiti chake mwenyewe.

Fundi akakuna kichwa. "Kuna gari nyingine hata spea ina kidude chake. Spea iko wapi?"

"Chini ya buti," binti akasema kutoka ndani.

Fundi akafungua buti. Mzigo wangu ulikuwa umejaa pale, umefungwa kwa kanga. Akaukumbatia autoe.

"Acha hiyo."

Alikuwa mkwe. Alikuwa amevuka barabara bila kutazama bodaboda. Sikuwahi kumsikia kwa sauti ile, hata kwa wanafunzi wake nadhani haitumii.

Fundi akabaki ameinama. "Kaka, si ni blanketi tu?"

"Ni matandiko ya mama. Usiyaguse."

"Haya, toa wewe basi nipate spea."

Mkwe akarudi nyuma hatua, mikono ameipeleka mgongoni. "Mimi ndiyo siwezi kabisa."

Fundi akamtazama, akanitazama, akamtazama tena. Ni mtoto wa hukuhuku. Uso ukaanza kumcheza. "Kumbe huyu mama ni mkweo. Pole sana mura. Umekwama na kitanda cha mama mkwe."

"Funga mdomo," nikamwambia, na akaufunga, lakini mabega yaliendelea kucheka.

Nikasimama pale nikiwaza simu ya migombani na jinsi alivyorudi akilitazama buti; angempigia nani ila aliyefunga matairi? Nikaenda dirishani kwa binti.

"Muulize mwenzako fundi wa mjini alimwambia nini kwenye simu asubuhi."

Binti hakuwa na haja ya kurudia. Mkwe alijibu akiangalia viatu vyake. "Mwambie mama, aliniambia yanayokanyaga chini yote manne aliyapima. Taa ikiwaka, niangalie na spea."

"Na kwa nini hakusema?"

Hapo binti alijijibia mwenyewe, na kwa ukali aliourithi kwangu. "Angesema nini, mama? Kwamba kitanda chako kitolewe uani, watu wanaangalia? Hata mimi hakuniambia. Alijua nitabeba, na tumbo hili."

Nilikwenda nyuma nikautoa mzigo mwenyewe, nikauweka kwenye kiti changu. Fundi akainua kifuniko. Tairi lililokuwa chini nililitambua kabla hajaligusa. Lilikuwa langu la zamani, lenye kiraka cha msumari wa lango langu, lile lenye nafuu nililosema liwe spea. Halikuuzwa wala halikubadilishwa. Fundi alipoweka geji, mshale haukusumbuka kupanda. Akapaka maji ya sabuni, na palepale kwenye kiraka povu likaanza kupumua.

"Huyu ndiye aliyekuwa anapiga kelele," akasema.

Akaliziba upya, akajaza, akapima. Nikamwambia apime tena. Nikalipa bila kumsifu, kwa sababu ya ile plasta.

Tulipoondoka taa ilikuwa bado inawaka. Nikakaza macho. Fundi alisema gari lazima litembee kidogo ndipo lisikie, lakini na yeye alikuwa amesema mengi. Mzigo wangu ulikuwa kando yangu kama abiria. Binti alikuwa anaiangalia taa, mkwe anaiangalia taa na barabara, na mimi naiangalia taa na shingo ya mkwe, iliyokuwa imelowa jasho.

Ilizimika kabla ya daraja. Binti alishusha pumzi tu, akaegemeza kichwa.

Hapo karibu na mto palikuwa na mtu niliyemfahamu, mwenye leseni, ambaye angeturudisha Nyanungu, na tulimpita amekaa kibarazani kwake. Sikusema simama.

Tulipovuka mto nikasikia lori jingine likija nyuma, na mkwe kama kawaida hakuliona. Nikafikiri siku binti atakaposhikwa na uchungu, mvua inanyesha, na huyu anaendesha huku nyuma haoni, kwa ajili ya heshima yangu.

"Mwambie mwenzako arudishe kile kioo mahali pake."

Binti akageuka mzima mzima. "Mama?"

"Aone barabara. Mimi nitajua pa kuweka uso wangu. Na buti lisiwekwe kitu mpaka ujifungue. Matandiko yangu yatakaa na mimi."

Mkwe alinyoosha mkono polepole, akakishusha kioo kidogo kidogo, kama anayefungua mlango wa nyumba ya watu. Nikavuta kitenge nikajifunika uso mpaka kidevuni. Jicho moja nililiacha nje, upande wa ile taa.