Kiti cha Katikati

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa bakuli la maji ya sabuni, kitambaa laini na santuri iliyojaa vumbi. Karakana ilikuwa Tabora mjini, na Fundi Mkuu, bwana mrefu asiye na haraka, hakuniuliza cheti. Niliifuta santuri kwa kuzungusha, nikifuata mifereji myembamba ambamo sindano hupita ikiokota sauti. Nikaikausha, nikaiweka mashineni. Akainamisha kichwa, akasikiliza.

"Bado," akasema.

Neno hilo nililisikia miaka sita. Nikibadili sindano, bado. Nikifunga mkanda mpya wa kuzungushia santuri, bado. Kazi ikimridhisha alisema "Hapo sawa," ila aliwaambia wenzangu, si mimi. "Binti, sikio kwanza, bisibisi baadaye," alinikumbusha kila asubuhi. Nilimkasirikia sana, na hakuna kitu nilichokitaka zaidi ya maneno yale mawili.

Kisha nikahamishiwa tawi la Igunga, chini ya Meneja wa Tawi, mpenda vipya. Sauraundi ilipoingia aliiagiza upesi: spika tano na boksi la besi, zinazopangwa kumzunguka msikilizaji, kila moja ikitoa sehemu yake ya muziki. Mteja wa kwanza, mzee mfugaji, alirudi baada ya wiki akilalamika kwamba yeye anasikia besi tu.

"Nenda ukaitengeneze," Meneja akaniamuru.

Nilikwenda na bisibisi, sikuitumia. Kiti cha katikati, mahali pekee ambapo sauti zote hukutana, alikikalia mgeni. Mwenye nyumba, kwa adabu zake, alikaa mlangoni, ubavuni pa boksi la besi. Na nyumba ile haikukosa mgeni hata siku moja.

"Mzee, ukae wewe katikati," nikamwambia.

"Na mgeni nimweke wapi, mwanangu? Zizini?"

Nikalisogeza boksi, nikazirekebisha spika zote zitoe sauti ileile, mtu akae apendapo. Mzee akacheka kwa raha. Nilitamani Fundi Mkuu angekuwapo.

Sasa nimestaafu, naishi Kwihara, na sebuleni nina mitambo yote miwili. Vijana huniuliza kipi bora, santuri au sauraundi. Mimi huwauliza kwanza nani atakaa wapi.

Mwezi uliopita Fundi Mkuu alikuja kunitembelea, mkongojo mkononi.

"Shikamoo, Fundi Mkuu."

"Marahaba, binti."

Binti! Nina wajukuu wanne. Nikamketisha katikati, nikawasha sauraundi niliyoipanga tangu asubuhi kwa ajili yake. Akainamisha kichwa kama zamani.

"Waimbaji wa kushoto wamekwenda wapi?"

Kumbe sikio lake la kushoto lilikuwa limezimika, naye hakutaka kulitaja. Roho iliniuma. Nikazima mtambo, nikatoa santuri kuukuu, ya enzi ambapo muziki wote ulirekodiwa pamoja ukatoka kwenye spika moja. Nikaifuta kwa maji ya sabuni, nikaikausha, nikaisogeza spika kuliani kwake. Hakuna kilichopotea: waimbaji, gitaa, hata mikwaruzo.

Alifumba macho mpaka upande ule wa santuri ukaisha.

"Hapo sawa," akasema.

Nikaenda jikoni kuchemsha chai, ingawa birika lilikuwa tayari mezani, limejaa.