Kaseti ya Mama Ndani ya Kompyuta

Jumamosi nilikuwa Gaithersburg, huku ughaibuni, kwa dada mmoja, nesi, ambaye kompyuta yake ilikuwa inajikokota. Kaka wa kanisani kwetu, fundi wa kompyuta kule Sterling, alikuja na programu ya kuisafisha. Kwenye skrini kukatokea kitu kama geji ya petroli, mshale umelalia upande mwekundu: nafasi imekwisha.

Programu ikasaka taka, ikatuonyesha faili moja kubwa kupita yote, halijafunguliwa tangu liwekwe.

"Hii nai-delete, dada?"

Dada akaifunika mausi kwa kiganja. "Hiyo ni kaseti ya marehemu mama, upande wa pili. Niliihamishia humo mkanda usije ukakatika."

Mama zetu wengi hawaandiki barua. Hurekodi kaseti na kumpa anayesafiri.

"Na hujaisikiliza?" nikauliza. Udaku ndio kazi yangu.

"Upande wa kwanza niliusikiliza. Huu nikiumaliza, atakuwa hana jipya la kuniambia."

Tukafuta michezo ya watoto wake. Kilio chao kilisikika hadi Rockville, mji wa jirani. Programu ile inajua kila usichokigusa. Kuuliza kwa nini, haikufundishwa.