Aliyenawiri Kuliko Mimi

Habari ya kifo chake iliponifikia hapa Ujiji, wasomaji wangu, sikuuliza amefariki saa ngapi wala atazikwa wapi. Niliuliza: "Alikuwa amekonda?" Nakiri kwa aibu. Tangu usichana wetu nilimwonea jirani yangu huyo wivu kwa mwili wake, na hata sanda haikunizuia kuupima.

Tulipochumbiwa tuliwekwa ndani mwezi mmoja, chini ya somo mmoja, mwanamke wa kutufunda, tukilishwa ugali wa muhogo na migebuka, samaki wa ziwani, kwa mawese ili tuingie kwa waume zetu tumejaa. Nilikuwa nimetoka chuoni, lakini vyeti vyangu havikumhusu somo. Kila asubuhi alitubana mikono. "Huyu ananawiri," alisema. "Wewe msomi, chakula unakipeleka wapi? Kwenye madaftari?" Mwenzangu alicheka mpaka akajiziba uso kwa kanga. Kicheko kile sikukisahau.

Miaka mingi baadaye aliambiwa zahanati kwamba ana sukari, apunguze uzito. Akaanza kutembea kila alfajiri hadi Bangwe. Akapungua, na, hili ndilo lililonichoma, akazidi kupendeza. Nilipokutana naye sokoni nilimbana mkono, palepale alipozoea kubana somo. "Shoga, umekwisha! Watu watasema unaumwa, au mume hakulishi."

"Kweli nimechakaa?"

"Kabisa."

Nilijua nasema uongo. Wiki iliyofuata sikumwona tena barabarani. Alirudia sahani yake, akajaa, nasi kwa kuwa kwetu unene ndio huitwa afya, tukamsifu: "Afya hiyo, mama!" Sukari ndiyo iliyomwondoa.

Msibani wanawake walimzunguka binti yake, mwembamba kama nilivyokuwa mimi. "Kula, mwanangu. Mwili wa mama yako umeuacha wapi?" Akanigeukia macho yamemvimba. "Shikamoo, mama mdogo. Eti nimekonda?"

"Marahaba. Umependeza, mwanangu. Na mama yako, alipokuwa akitembea asubuhi, naye alikuwa amependeza."

Maneno hayo yalistahili kusemwa sokoni, mwenyewe akiyasikia. Tunaowaambia mabinti wamekwisha, au wamenawiri, mara nyingi hatuzungumzii afya yao hata kidogo. Tunazungumzia kidonda chetu wenyewe, nao hututii kwa sababu hutuita mama. Siku hizi mkono wangu ukinyooka kumpima binti wa mtu, naukunja. Hauijui sukari. Unaujua wivu tu.