Kuku wa Mama Trei

Jina lake halisi lilibaki kwenye kitambulisho tu. Mtaani aliitwa Sindano, kwa kuwa alikuwa afisa mifugo, na ni yeye aliyechanja kila kuku wa eneo lile. Watu walimtania kwamba hata majogoo huacha kuwika wakisikia viatu vyake vya mpira. Alicheka nao, kisha akarudia maneno yaleyale, sokoni, bombani, kwenye foleni ya mashine ya unga: "Kuku akifa ghafla, msimtie sufuriani wala msimtupe mtaroni. Niiteni. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Watu waliitikia vizuri sana. Kumwita, hawakumwita.

Aliyemwita alikuwa dada yake.

Dada huyo ndiye aliyekuwa mama yake pia, maana mama mzazi alifariki Sindano akiwa bado anabebwa mgongoni. Mkubwa aliacha shule, akafuga kuku, na mayai ya kuku hao yakamsomesha mdogo mpaka chuo cha mifugo. Mtaa ulimwita Mama Trei, kwa zile trei za mayai alizozipanga barazani kila asubuhi. Hakujaliwa kuzaa. Mtu akimuuliza habari za watoto alijibu, "Ninaye mmoja, na wengine wana mabawa."

Siku hiyo simu yake ilikuwa fupi. "Mdogo wangu, njoo. Uje na lile sanduku lako la barafu."

Sindano alimkuta amesimama nje ya banda, mikono kaikumbatia kifuani kama mtu anayesikia baridi. Kwa kawaida kelele za banda lile zilikulazimisha uongee kwa kupaza sauti. Sasa kulikuwa kimya. Kuku waliokuwa hai walijikunyata, vichwa vimevimba, vilemba vimegeuka rangi ya zambarau. Waliokufa walilala juu ya maranda kana kwamba wameanguka wakitembea.

"Ni mdondo, sivyo?" Mama Trei aliuliza.

"Mdondo tuliwachanja, dada. Wewe mwenyewe ndiye uliyenishikia."

"Basi ni joto."

Sindano alilitua sanduku la barafu. Alivaa glavu na barakoa, akaingia, akapitisha vijiti vya pamba kooni na kwenye tundu la haja, akavitia kwenye vichupa. Dada yake alimfuatilia kwa macho kutoka nyuma ya waya.

"Ungekuwa kwa mtu baki, ungemwambia nini?"

"Ningemwambia asitoe yai wala unyoya hapa mpaka majibu yarudi. Na asiwashike."

"Basi niambie na mimi hivyohivyo. Usinionee haya."

Akamwambia. Trei za barazani zikarudishwa ndani.

Majibu hayakukawia. Yalikuwa mafua ya ndege, yale makali, yasiyo na tiba kwa kuku na yanayoweza kumrukia binadamu. Amri ikatoka: kuku wa banda lile wauawe wote, wagonjwa kwa wazima, pamoja na ndege wa nyumba za jirani. Mkuu wake Sindano alikuwa mtu mwenye utu. "Kazi hii nitampa mwingine," alimwambia. "Wewe pumzika." Naye Sindano alikuwa amekwisha kushukuru. Aliyekataa ni dada mtu.

"Usiniletee wageni," alisema. "Watawakimbiza, watawavunja mabawa. Njoo wewe."

Sindano na wenzake walifika wakiwa wamevaa yale mavazi meupe yanayofunika mwili mzima. Kuku walipoyaona walichanganyikiwa. Walikimbilia pembeni, wakapandana, walio chini wakakosa hewa. Mama Trei hakuruhusiwa kuingia. Alisimama nyuma ya waya, akasafisha koo, halafu akaanza kuwaita kama alivyowaita siku zote wakati wa chakula.

"Kuru, kuru, kuru..."

Rundo likalegea. Mmoja akageuza shingo, wa pili akashuka, na wote wenye nguvu ya kutembea wakaifuata ile sauti mpaka chini ya waya, miguuni pake. Sindano akawa anawainua kutoka hapo, mmoja mmoja, na kuwapeleka kwenye pipa la gesi ya kuulia. Hawakupigapiga mabawa. Walimjua.

Mara Mama Trei akanyamaza. "Bikizee yuko wapi?"

Bikizee alikuwa tetea mkongwe aliyeacha kutaga zamani, na ambaye hakuna aliyethubutu kumtajia kisu mbele ya mwenyewe.

"Yupo. Bado."

"Mchukue sasa hivi. Asiyaone haya mpaka mwisho."

Sindano akamchukua. Miwani yake ilikuwa imejaa ukungu kwa ndani, akatembea kwa kupapasa. Nyuma yake ile sauti ikaanza tena, kuru, kuru, mpaka hakukuwa na wa kuitwa.

Shimo walimotiwa kuku lilifukiwa kwa chokaa na udongo. Fundi baiskeli, jirani wa ukuta mmoja, ambaye bata wake nao walikuwa wamechukuliwa, alikuja kusimama uani. "Mama Trei, ungenyamaza tu," alisema. "Kuku wako wangekufa, wangekwisha, sisi wengine tungesalimika." Mama Trei alifungua kinywa. Hakikutoka kitu; sauti ilikuwa imemkauka kwa kuwaita kuku.

Ugonjwa ulitoka wapi, haikujulikana. Mtaa ulikwisha kuamua umetoka kwa aliyeusema. Wanawake waliozoea kununua kwake wakawa wanapita njia ya nyuma. Sindano alikuja kila asubuhi kumpima dada yake joto, kwa kuwa alikuwa amewagusa kuku wagonjwa. Homa haikuwapo. Mazungumzo nayo hayakuwapo.

Banda lilipigwa dawa, likakaa tupu muda uliotakiwa, kisha likaruhusiwa. Sindano akaja na boksi la vifaranga. Dada yake akainua kifuniko, akawatazama.

"Wazuri. Wapelekee wenye haja nao."

"Dada, bado umenikasirikia?"

"Sijakukasirikia hata siku moja. Lakini hawa wakikua nitawaita kwa sauti gani? Ileile?"

Sindano akalifunga boksi.

Miezi ikapita. Siku moja fundi baiskeli, aliyekuwa amefuga upya, alibisha mlangoni kwa Mama Trei akiwa na kiroba mkononi na uso umemshuka. Ndani mlikuwa na bata aliyekufa. "Nilitaka kumtupa," alisema. "Halafu miguu ikanileta hapa."

Mama Trei angeweza kumrudishia maneno yake ya siku ile. Alisema tu, "Weka chini. Usimguse tena." Akampigia mdogo wake, akatoa ndoo na sabuni, na Sindano alipofika aliwakuta uani, dada yake akimmiminia maji yule jirani, akimhimiza asugue mpaka kwenye viwiko.

Maabara ikajibu kwamba haukuwa ule ugonjwa. Bata alikuwa amekula sumu ya panya. Sindano hakutaka kulisema hilo kwa simu. Alikwenda mwenyewe, akamkuta dada yake jikoni akichambua mchele.

"Siyo mafua, dada. Bata wake watabaki."

"Afadhali," alisema Mama Trei. "Afadhali, maskini."

Aliendelea kuchambua. Kisha ungo ukamteleza mapajani, mchele ukamwagika sakafuni, naye akajifunika uso kwa upande wa khanga na kulia, yeye ambaye siku kuku wake walipouawa hakutoa chozi. Sindano akakaa chini kando yake, juu ya ule mchele.