Kiapo cha Bibi na Bendi ya Bila Kibali

Wiki iliyopita nilikwenda Mabela, pembeni ya Maskati, kutazama mafundi wanavyoitengeneza nyumba yetu ya zamani. Walikuwa wameshang'oa mazulia na mapazia, sebule iko tupu, nami nikapiga chafya. Ikanirudia kutoka kwenye kuta, kubwa kuliko nilivyoitoa. Nikakaa chini palepale kwenye saruji, maana mwangwi ule naujua.

Mwenzangu, sijui kama uliwahi kuisikia Bendi ya Bila Kibali. Jina walijipa wenyewe, na halikuwa la uongo. Baba yangu, karani wa wizara, alipiga gitaa na kuimba muziki wa kantri wa Kimarekani kwa Kiswahili. Mwalimu wangu wa hesabu alikuwa na fidla, na jirani yetu, mwenye gereji Wadi Kabir, alipiga ngoma. Waliimba mambo ya kwetu: mtu aliyefeli mtihani wa leseni mara sita, lori lililokwama wadini, kwenye mkondo wa mto mkavu, siku ya mvua. Kila walipopiga, majirani walilalamika. Mwishowe wakagundua Mabela, ambako nyumba mpya zilikuwa zikichipuka kila upande na hakuna aliyehamia bado. Ijumaa alasiri tulijazana garini kutafuta nyumba isiyo na milango, sisi watoto tukakalia mifuko ya saruji, tukila sambusa na vumbi lake. Watu wakaongezeka, wakarekodi, kanda zikazagaa Maskati nzima. Lakini nyumba ikihamiwa tu, bendi inafukuzwa, inasogea mbele. Hatukutulia mahali. Hata akiendesha gari, vidole vya baba vilikuwa vikipiga gitaa kwenye usukani.

Bibi, mama yake baba, hakutaka kulisikia gitaa, ndiyo maana lililala gereji. Siku ulipochimbwa msingi wa nyumba yetu wenyewe huko Mabela, aliapa mbele yetu sote kwamba hatatia mguu katika nyumba iliyopigwa gitaa. Baba alisikia vizuri. Lakini Ijumaa moja bendi ilifukuzwa na watu wameshafika, na nyumba yetu ilikuwa hatua chache tu, haijapakwa hata rangi. Sikio la kufa halisikii dawa. Wakapiga humo mpaka karibu na magharibi.

Ingekuwa siri, lau si mimi. Kanda ya siku ile ilizunguka mpaka kwa shoga yake Bibi, alikokwenda kunywa kahawa, na baina ya wimbo na wimbo ikasikika sauti yangu ikiuliza, "Baba, chumba cha Bibi ndo hichi?"

Siku ya kuhama Bibi alibaki Ansab, tulikokuwa tukiishi, kakaa juu ya sanduku lake. Baba akasema atauza gitaa. Bibi akamjibu kwamba kiapo ni chake, si cha gitaa. Hatukuhama. Mimi nililia mpaka nikashikwa na homa, kwa sababu mdomo wangu ndio uliomfungia Bibi mlango wa nyumba yake.

Siku ya tatu tuliamshwa na harufu ya vitunguu. Bibi alipika sufuria kubwa la pilau, akamwamuru baba ampeleke Wadi Kabir, na pale gereji akawapakulia vibarua kumi, akiwahesabu kwa vidole. Ndipo nilipoelewa kuwa anatoa kafara ya kiapo, fidia ya kukivunja. Kisha akataka gitaa, akalipakata mapajani njia nzima hadi Mabela. Akaingia kwa mguu wa kulia, akakaa katikati ya sebule.

"Nshalisha watu kumi," alimwambia baba. "Haya piga, nisikie nilichokilipia."

Baba alipiga, jasho likimtoka. Bibi alisikiliza mpaka mwisho.

"Una haraka, mwanangu. Unakimbilia wapi?"

Baada ya hapo yakaja mazulia, mapazia, kisha majirani pande zote, na mwangwi ukafa. Nyumba tupu zikaisha Mabela, na bendi nayo ikaisha. Mwalimu na jirani wameshatangulia, na Bibi kabla yao. Namkumbuka kila nikikaanga vitunguu, na inaniuma.

Nikiwa bado kwenye ile saruji nilimpigia baba simu, nikamwambia aje na gitaa kabla mafundi hawajaanza kuweka vigae. Alikuja, akakaa pale alipokaa mama yake, akatazama chumba cha Bibi, mlango wake umeshang'olewa.

Safari hii alipiga polepole.