Nilimwongoza Mkwe Wangu Kwenye Korongo Nisilolijua

Kosa ni langu, na nalisema mapema ili usijisumbue kumtafuta mwingine wa kulaumu. Si la mke wangu, si la binti yangu, wala si la mkwe wangu Ondieki, ingawa yeye ndiye aliyelibeba kwa miezi mitano. Majina nimeyabadilisha. Langu siliandiki kabisa, maana hapa Nyamira ukisema tu "yule mzee wa ramani" watu watakuonyesha nyumba.

Nina miaka hamsini na mitatu. Nimelima chai maisha yangu yote, na shule niliishia darasa la nane. Mengine nimejifundisha mwenyewe kwa vitabu vya mitumba vya Kisii mjini: kutengeneza redio, kupima shamba, kusoma ramani. Nikianza jambo hulifuata mpaka mwisho, na daftari halitoki mfukoni. Nasema hivi ili uelewe kwamba sikukosa kwa uzembe. Nilikosa kwa mpangilio mzuri kabisa.

Uongo ulianzia sebuleni kwangu. Moraa, binti yetu wa kwanza, alikuwa na mwaka mmoja wa ndoa, na mumewe Ondieki, anayefanya kazi maabara huko Keroka, alikuja naye kutusalimia. Katika mazungumzo akataja kwamba aliwahi kupanda Mlima Kenya. Hakujigamba. Lakini mimi nilikuwa na vitabu vinne vya kutembea milimani na sikuwa nimepanda kitu chochote kirefu kuliko ukingo wa Manga hapa kwetu. Nikausikia mdomo wangu ukisema, "Mimi lile korongo la Bonde la Ufa nimelipita mara tatu."

"Mara tatu, Baba?"

"Mara tatu. Ya tatu kulikuwa na matope kidogo."

Hayo matope sijui yalitoka wapi.

"Tata, mbona hujawahi kutuambia?" Moraa akauliza. Tata kwetu ni baba.

"Hamkuuliza."

Kabla chai haijaisha tulikuwa tumekubaliana. Pasaka tungeenda wote wanne, tulale kwenye mahema, kisha tupite korongoni, na kiongozi wa msafara angekuwa mimi.

Sasa kuna jambo la kwetu ambalo msomaji wa mbali lazima alijue. Wagusii tuna heshima tunayoiita chinsoni. Mama mkwe na mume wa binti yake hawagusani. Hawasalimiani kwa mkono, hawakai kochi moja, na kila mmoja anakaa mbali na mwili wa mwenzake. Siku hizi wapo walioilegeza. Mke wangu hajailegeza hata uzi mmoja. Alikubali safari kwa sababu hakuwahi kwenda mahali popote kutazama tu, bila msiba wala harusi, lakini akaweka sharti.

"Nitakuja, Baba Moraa. Ila mimi na yule kijana tusikaribiane."

"Niachie mimi," nikasema.

Nilijiandaa wiki sita. Nilisoma kila nilichopata kuhusu korongo lile, nikachora ramani yangu mwenyewe. Mabegi niliyapima kwa mizani ya majani chai. Pasaka ilipofika, kambini nilihesabu hatua arobaini kati ya hema letu na lao, na milango nikaielekeza pande tofauti. Jioni ile mke wangu alikula kuku wake upande wetu, Ondieki akala upande wao, Moraa akipita katikati na sufuria. Nilijiona mtu mwenye akili nyingi.

Asubuhi, getini, akatujia kiongozi wa wageni, dada wa miaka kama thelathini mwenye viatu vilivyoliwa na mawe.

"Habari ya asubuhi, mzee. Mko na mtu wa kuwapeleka?"

"Hatuhitaji."

"Ulishafika hapa?"

Mkwe wangu alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Mara tatu," nikasema.

"Haya, basi njia unaijua. Angalieni tu mawingu."

Tukaingia. Kitabu kimoja kilisema kwamba kwenye njia ngumu wenye nguvu watangulie na kufunga msafara, ili dhaifu wa katikati wasukumwe wakikwama. Nikapanga hivyo: mbele mimi, kisha Moraa, kisha mama yake, na mwisho Ondieki. Hesabu ilikuwa sahihi. Mila ndiyo haikuwamo kwenye hesabu.

Saa ya kwanza ilikuwa nzuri, sitadanganya. Kuta nyekundu zilisimama pande zote mbili, zimelainishwa na maji kama ukingo wa chungu, na juu yetu mbingu ilibaki utepe mwembamba. Mke wangu alikuwa akigusa kuta kwa kiganja na kusema peke yake, "Hebu ona." Mahali pamoja tuliteleza kwa makalio kwenye bamba refu la jiwe, tukacheka. Sikuwaza kwamba bamba lile halipandiki kurudi.

Kisha tukafika kwenye mwamba.

Ulikuwa umeziba njia, urefu wa kunifika kidevuni, mtelezi, bila pa kushika. Ondieki alinisukuma nikapanda. Akamsukuma mkewe, nami nikamvuta. Ikafika zamu ya mke wangu. Aliutazama mwamba, akanitazama mimi. Nyuma hakutazama.

"Shuka unisukume wewe, Baba Moraa."

"Nikishuka nitavunjika mguu. Kunateleza."

"Basi Moraa ashuke."

Moraa ana kilo hamsini. Kilo za mama yake nilikuwa nimeziandika kwenye daftari. Hapa sitaziandika.

"Mama, sitakuweza," Moraa akasema.

"Basi mimi nakaa." Akaketi kwenye jiwe, akapakata begi lake kama mtu anayesubiri daktari.

Hapo radi ikalia mbali, upande wa vilima ambako maji yale hutoka. Vitabu vyangu vyote vinne havipatani hata juu ya namna ya kufunga kamba za viatu, lakini kuhusu korongo na mvua ya juu vinasema jambo moja: toka. Nilikuwa juu ya mwamba, salama, na mke wangu niliyeishi naye miaka ishirini na saba yuko chini kwa sababu yangu.

Ondieki alikuwa ameisikia radi pia. Alisimama mita moja kutoka kwa mama mkwe wake, uso ameuelekeza ukutani, akazungumza na mkewe aliye juu.

"Moraa, mwambie mama nitafumba macho."

"Mama, anasema atafumba macho."

"Nimesikia. Mwambie macho si shida. Shida ni mabega."

"Anasema shida ni mabega."

"Mwambie mvua inakuja."

"Mwambie najua mvua. Nimelima kabla hajazaliwa."

Ondieki akafungua begi, akatoa hema, akajifunika kuanzia kichwani mpaka magotini, akapiga magoti mbele ya mwamba. Sauti ikatoka ndani ya turubai.

"Moraa, mwambie mama hapa hakuna mtu. Hili ni jiwe."

Mke wangu akalitazama lile jiwe kwa muda.

"Jiwe haliongei," akasema.

Jiwe likanyamaza. Naye akavua viatu, akavifunga shingoni kwa kamba zake, akakanyaga. Mguu mmoja mgongoni, wa pili begani. Jiwe likaguna.

"Moraa, liambie liinuke polepole."

Likainuka. Nilimshika mikono, nikavuta, Moraa akavuta. Na hapo, akiwa karibu kabisa, mguu ukateleza. Mke wangu akaketi, uzito wote, juu ya kichwa cha mume wa binti yake.

Nilihesabu moyoni mpaka tano. Jiwe halikuanguka. Lilitetemeka, likasukuma juu, na mke wangu akatua miguuni pangu. Ondieki tukamvuta kwa mikono, mimi na Moraa.

Hazikupita dakika kumi, maji ya rangi ya udongo yakapita pale chini. Hayakuwa mafuriko ya kutangazwa redioni. Yalifika magotini labda, lakini yalikuwa na kasi, na yalilifunika lile jiwe alilokuwa amelikalia mke wangu na begi lake. Tuliyatazama wote. Mke wangu alifungua kitambaa cha kichwa, akakifunga tena, akakifungua, akakifunga.

Yule kiongozi akatokea kwa njia ya juu, anahema. Alikuwa ameona mawingu, akaja kututafuta.

"Mzee, mbona hamkutoka kwa ngazi?"

"Ngazi ipi?"

"Hatua ishirini kabla ya mwamba, mkono wa kulia. Zimechongwa kwenye jiwe. Kila mtu hutokea pale."

Wote watatu wakanigeukia.

"Nilisahau," nikasema.

Huo ukawa uongo wa pili, na ndio mbaya zaidi, kwa sababu hakuna aliyeupinga. Mzee amesahau, ni ajali tu. Basi aibu yote iliyobaki ikakosa mwenyewe, na Ondieki akaichukua.

Hakuja nyumbani tena. Moraa alikuja peke yake. Mara mumewe ana zamu, mara ana mafua. Baada ya miezi mitano ndipo aliponiambia ukweli. Ondieki alikuwa amekwenda kwa baba yake mdogo huko Marani, akamwambia amemvunjia mama mkwe wake heshima na hajui ataingiaje tena kwenye boma letu. Aliuliza kama alete mbuzi.

Kijana aliyemtoa mke wangu kwenye maji alikuwa anatafuta mbuzi wa kuniomba msamaha. Usiku huo daftari sikulifungua.

Asubuhi tukiwa tunachuma chai, mstari kwa mstari, nilimwambia mke wangu.

"Mama Moraa, lile korongo sikuwahi kufika. Hata mara moja."

Hakuacha kuchuma.

"Najua."

"Umejuaje?"

"Tulipofika getini uliuliza choo kiko wapi. Mtu wa mara tatu?"

"Na hukusema kitu?"

"Nilitaka kuona uongo wako utafika wapi. Sikujua utanifikisha kichwani kwa mtoto wa watu." Akatupa majani kwenye kikapu. "Mimi usiniombe chochote. Nenda Keroka ukamwambie yeye."

Jumapili nikaenda. Niliwakuta nyumbani, nikakataa kiti, nikasema yote nikiwa wima, kwa mpangilio, kuanzia sebuleni mpaka kwenye neno "nilisahau". Ondieki alitazama sakafu.

"Kwa hiyo, Baba, hata ile ramani?"

"Niliichora mezani. Mbuzi kama yupo, wa kumleta ni mimi."

Alitikisa kichwa, akaomba ruhusa atoke nje aangalie tangi la maji. Nyuma ya nyumba nikamsikia akicheka mpaka akakohoa. Moraa naye alifunika mdomo kwa mkono.

Jumapili iliyofuata alikuja kwangu. Mambo yalikwenda kama inavyotakiwa: yeye sebuleni na mimi, mke wangu jikoni, chakula kikipita kwa mkono wa Moraa. Mkwe wangu alikula sahani mbili. Tulipokuwa tunanawa mikono, sauti ikatoka jikoni.

"Moraa, mwambie mgeni wako Desemba tunarudi kule. Mimi korongo sijaliona, niliona ukuta tu. Tutapelekwa na yule dada wa getini."

"Nitamwambia, mama. Na Tata?"

"Baba yako atabaki na ng'ombe."

Nami nikaendelea kunawa mikono.

Kwa hiyo wewe unayepanga safari ya namna hii: jifunze ramani, pima mabegi, soma vitabu, hayo yote ni mema. Lakini getini ukiulizwa kama ulishafika, na hujafika, sema hujafika, hata kama mkwe wako anasikia. Ni aibu ya dakika moja. Yangu imekula miezi mitano, na Desemba watakapokuwa wanapanda ngazi zile, mimi nitakuwa hapa nakata majani ya ng'ombe.